Sikio Lililobaki

Nyundo ilishuka, jiwe likapasuka, kipande kikaruka na kumchana Mama Kokoto juu ya kidole gumba. Alinyonya damu, akatema vumbi, akaweka jiwe jingine ndani ya pete ya mpira aliyoikata kwenye tairi kuukuu, ile ya kuzuia kokoto zisitawanyike. Hakusikia mtu akija. Alishtukia viatu tu mbele yake: vya mwenyekiti wa mtaa, vinang'aa kama kawaida yao, na raba za binti mmoja aliyekumbatia kishikwambi.

"Sogea upande huu, mwanangu," alisema akigusa sikio la kushoto. "Lile jingine lilikufa."

Liliuawa na rungu la mgambo, hapo hapo machimboni, siku wanawake walipouliza zinakokwenda ndoo za kokoto ambazo kila mponda mawe humwachia mwenyekiti jioni. Tabibu wa zahanati alimwambia la kushoto nalo limetikisika. Kofi moja la nguvu lingelimaliza. Alitunze kama mboni ya jicho. Na alilitunza, maana ni kwa sikio hilo aliwasikia wenzake wakipaza sauti "Jiwe!" kila mwamba ulipomeguka juu. Kiziwi hana kazi machimboni, ana kaburi.

Binti alieleza kwamba anakusanya maoni ya wananchi kuhusu serikali na demokrasia, na kwamba nyumba ya Mama Kokoto imeangukiwa na bahati ya kuchaguliwa. Wakaongozana hadi nyumbani, kibanda cha mabati pembeni ya machimbo. Mumewe alikuwa mlangoni, amevaa shati ambalo halikuwa limetoka sandukuni tangu harusi ya shemeji yao.

"Karibu, binti. Mimi nimejiandaa," alisema mume.

Alijiandaa kweli. Jana yake mwenyekiti aliwakusanya wanaume wa mtaa akawafundisha la kujibu, neno kwa neno, mpaka wakalijua kama sala. Wanawake hakuwaita. Nani angewauliza wanawake mambo ya serikali?

"Samahani, baba. Nyumba iliyopita nilimhoji mwanamume. Hapa ni zamu ya mwanamke. Ndivyo kazi yetu inavyokwenda."

Mume alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake.

"Basi nitakaa nanyi ndani," mwenyekiti alisema, "mama asije akachanganyikiwa."

"Hairuhusiwi, mwenyekiti. Majibu ni siri."

"Siri ni jambo zuri," alijibu kwa upole, akaenda kuketi kwenye benchi la nje, mgongo ameuegemeza kwenye mabati.

Ndani, binti aliinamia sikio zima akaanza kusoma. Je, hali ya maisha yako ni nzuri, mbaya, au si nzuri wala mbaya? Mama Kokoto alicheka. Alimwonyesha vidole vyake, akasema achague mwenyewe. Lakini maswali yalipozidi kuja alinyooka kwenye kigoda. Tangu azaliwe aliwahi kuamrishwa, kufukuzwa, kuhesabiwa na kupakwa wino kidoleni. Kuulizwa anafikiri nini, hajawahi. Utamu wa jambo hilo ulimpanda kichwani.

"Katika nchi hii, mtu ana uhuru kiasi gani wa kusema anachofikiri?"

"Uhuru upi, mwanangu? Mimi niliuliza habari ya ndoo, nikang'olewa sikio."

Yeye aliamini ananong'ona. Sikio lilipokufa lilikwenda na kipimo cha sauti yake, na mtu anayeshinda kati ya nyundo mia huwa hanong'oni vizuri hata akiwa mzima. Binti aliweka kidole mdomoni, akaonyesha ukuta. Mama Kokoto aliitikia kwa kichwa. Ndiyo, alielewa, ni siri.

"Viongozi wa mtaa," binti alisoma kwa sauti iliyokauka, "unadhani ni wangapi wanaokula rushwa? Hakuna, baadhi, wengi, au wote?"

"Andika wote. Huyu wetu anakula mawe. Nimeshaona mwizi wa kuku, nimeshaona mwizi wa ng'ombe, lakini mtu wa kula mawe ndiyo kwanza namwona. Na mgambo wake ndiye meno yake. Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Inatosha."

Binti alikusanya vitu vyake bila kumtazama. Alisema msimamizi atapiga simu siku moja, kuhakikisha tu kwamba mahojiano yalifanyika. Kisha akatoka, akaandika namba ya simu ya mume, akapita mbele ya benchi akaaga kwa heshima, akakata kona.

Punde mgambo aliingia na rungu, mwenyekiti nyuma yake. Mama Kokoto aliusoma mdomo wa mwenyekiti akiwa bado ameketi kigodani.

"Sikio la kufa halisikii dawa."

Pigo la kwanza lilimvunjia kigoda chini yake. Alijikunja sakafuni, mikono yote miwili akaifunika upande wa kushoto wa kichwa, na rungu likashuka kwenye mbavu, kwenye kiuno, kwenye vidole. Mumewe alikuwa mlangoni na shati lake la harusi. Alitazama nje.

"Nipige mgongo," Mama Kokoto alimwomba mgambo. "Mgongo ni wako, upige utakavyo. Huku niachie. Baba, huku niachie."

Na hapo ndipo alipomwelekeza. Mgambo aliliweka rungu ukutani taratibu, akapiga goti shingoni mwake, akambandua mikono kichwani. Alimpiga kofi la sikio, akaangalia, akampiga tena, mpaka damu nyembamba ikatoka na Mama Kokoto akaacha kusikia kilio chake mwenyewe.

Wiki haikuisha alirudi machimboni, maana tumbo halina likizo. Alikaa mbali na ukingo, vidole vitatu vimefungwa kitambaa, nyundo inapanda na kushuka bila sauti. Mwenyekiti alikuwa kivulini na mgambo wake, anasubiri ndoo, simu ya mume, aliyesimama kando yao, ilipoita. Mume aliiweka sauti ya nje ili mwenyekiti asikie.

"Tunahakiki kazi tu," alisema msimamizi. "Mama alihojiwa?"

"Alihojiwa."

"Alijibu mwenyewe, bila kuingiliwa na mtu?"

"Bila kuingiliwa."

"Naomba nimsikie."

Mume alichuchumaa mbele ya mkewe, akamwekea simu mkononi. Sema ndiyo, alimwambia kwa midomo. Mama Kokoto aliigeuza simu. Haikuwa na midomo ya kusoma. Akadhani ni yule binti.

"Mwanangu, uliandika?" Sauti yake ilijaa machimbo yote. "Nilisema wote."

"Asante, sauti ya mama nimeipata," msimamizi alisema. "Mahojiano yamekamilika."

Simu ikakatika. Mama Kokoto aliishika kwa mikono miwili akaendelea, alianza na ndoo, akaja kwenye rungu, akaja kwenye kofi, na kila baada ya maneno machache alimuuliza binti kama anaandika. Nyundo za wenzake zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mumewe alirudi nyuma. Kivulini, mgambo alijikung'uta vumbi la suruali akaanza kumjia Mama Kokoto kwa nyuma, na wanawake wakapaza sauti, "Jiwe! Mama Kokoto, jiwe!"

Yeye alikuwa amefika kwenye ndoo tena.