Mlio wa Nne

Kila siku saa kumi na mbili jioni, Mervyn Hanlon alimpigia simu kaka yake, akaiacha ilie mara tatu, akakata. Kisha alikaa na kikombe chake cha chai, na kabla chai haijapoa simu yake nayo ililia mara tatu, ikanyamaza. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao kwa miaka tisa.

Ishara hiyo waliachiwa na mama yao: milio mitatu, nimefika salama. Waligombana siku ya kumzika baba. Clem akabaki na ng'ombe kwenye ranchi ya wazazi wao, kilomita mia mbili kutoka mji mdogo wa Boulia, Australia, Mervyn akarudi mjini kwenye mitambo yake ya simu, na hakuna aliyekuwa tayari kuanza kuomba radhi. Lakini milio hawakuiacha. Hata ukaidi wao ulikuwa na mahali pa kuishia.

Sasa ilikuwa wiki ya sita Clem hajibu. Mervyn anapiga, anasikia milio mitatu sikioni, anakata, anangoja. Chai inapoa.

Akamvizia Noeline, dereva wa lori la barua.

"Umemwona Clem?"

"Jumanne. Yuko kwenye uzio, anapigana na waya. Mzima kuliko wewe."

"Hakusema kitu?"

"Clem aseme kitu? Aliniuliza kama mvua imenyesha Winton, tukamaliza. Mpigie, bwana. Si ndiyo kazi yako, simu?"

"Nampigia kila siku."

"Unampigia, au unambipu? Wazee wazima mnabipiana kama watoto wa shule."

Mervyn aliondoka bila kuaga. Kumbe mtu ni mzima, anasikia, na anamnyamazia tu. Hilo lilimuuma kuliko kama angeambiwa Clem anaumwa.

Kazini, yeye ndiye aliyebaki kuilea lugha ya mitambo ya zamani. Mitambo hiyo huambizana habari ndogo ndogo kabla watu hawajasema halo: nani anapiga, laini iko wazi, kengele inalia huku, mtu amekata. Mwaka huo simu zote zilihamishiwa kwenye intaneti, na habari zile zikawa zinafungwa ndani ya vifurushi, zinarushwa kwenye setelaiti, zinafunguliwa ranchini. Zilifika zote, ila kwa kujikokota. Wateja wakalalamika: ukipiga, kimya kirefu, unadhani simu imekufa. Mervyn akapata dawa. Aliupanga mtambo wa mjini umpe mpigaji mlio papo hapo, bila kungoja habari ya kengele kutoka upande wa pili. Malalamiko yakaisha, bosi akamsifu.

Alhamisi alikuwa akikagua orodha ya simu zilizokatika, kwa ajili ya mteja mmoja mkorofi, alipoiona namba ya nyumbani kwake. Saa kumi na mbili jioni. Imekatwa kabla habari ya kengele haijarudi. Chini yake tena, jana yake, na juzi yake. Mistari arobaini na moja.

Milio aliyokuwa akiisikia ilitoka kwenye mtambo wake mwenyewe, hatua chache kutoka kiti chake. Simu ya Clem haikulia hata mara moja. Kaka yake alikuwa amekaa kule jioni arobaini na moja, anangoja. Mervyn aliona aibu, kisha akalia kidogo, maana hapakuwa na mtu wa kumwona.

Aliufuta mpango wake. Wateja wavumilie kimya, hakiui mtu. Jioni alipiga, na safari hii hakukata mpaka ikapokelewa.

"Ndiyo."

"Kaka, ni mimi."

Kikapita kimya ambacho hakikuwa cha setelaiti.

"Nilidhani umekufa," Clem alisema. "Halafu mwezi uliopita Noeline akaniambia anakuona kila siku unanunua mkate. Nikajua basi, umenichoka."

"Ni mtambo, kaka. Kosa langu." Akaeleza yote, vifurushi, setelaiti, mlio wa uongo, kama mtu anayesoma ripoti. "Nimeshaurekebisha. Kuanzia kesho milio mitatu, kama kawaida."

"Aa," Clem alisema. "Nilidhani umepiga tuongee."

Akakata.

Mervyn alisimama na simu mkononi. Chai ilikuwa imepoa zamani. Akapiga tena. Kwanza kimya, sekunde baada ya sekunde, kisha mlio, wa kweli sasa, unaolia kule jikoni kwa mama yao. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kukatia, kwa mazoea ya miaka tisa. Akakiondoa, akauacha wa nne ulie.