Mabonge na Chengachenga

Kijiko kiligonga kikombe gizani, ti-ti-ti-ti, kikanyamaza, kikaanza tena. Britta akajua baba yake ameamka. Mwaka wa sita huu mzee Reino anaugua Parkinson, na asubuhi za Januari hapa Duluth, mji wa bandari kaskazini mwa Marekani, kabla dawa haijashika, mkono wake wa kuume hauambiliki.

Britta akawasha taa ya jikoni, akamsogezea karatasi. Wafadhili wa utafiti wake wa ugonjwa huo walikuwa na sharti lao: ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, usomwe na mgonjwa, naye atie sahihi kwamba ameuelewa na anauunga mkono. Mwisho leo adhuhuri. Bila fedha hizo, maabara ya Britta ingefungwa mwezi Machi.

Reino akasoma, akairudisha. "Sitii sahihi."

"Baba jamani, hujaelewa wapi?"

"Nimeelewa. Protini zinashikana ubongoni, zinakuwa mabonge, nawe unatafuta dawa ya kuyavunja. Umesomea miaka mingapi vile?"

"Kumi na mmoja."

"Na hujapakia madini ya chuma hata siku moja." Akacheka peke yake, yeye aliyapakia bandarini miaka thelathini. "Baridi ikiingia, chuma kinaganda kwenye behewa. Tunavunja mabonge kwa mitaimbo kutwa nzima, wapi, hakishuki. Kumbe mlango wa chini wa behewa umezibwa na chengachenga. Sasa haya mabonge yako, nani kasema ndiyo wakosaji?"

Britta akaivuta karatasi, akaipitia tena. Swali hilohilo yeye na wenzake walilibishania maabara kila Ijumaa, ila kwenye karatasi alikuwa ameandika kana kwamba jibu analo mfukoni.

"Huenda ni vile vipande vidogo vya protini," akasema polepole. "Huenda mabonge yanavifungia ndani visidhuru. Tunataka kuvifuatilia vyote, tuone."

"Si uandike hivyo?"

"Nikisema sijui, watatunyima."

"Na wakikupa, nimeze dawa ya kuvunja kisicho na kosa?"

Britta akafungua kompyuta. Akafuta aya ya kwanza, akaandika nyingine, akachapa upya. Reino akaisoma mara mbili, kisha akaomba kalamu. Sahihi ilimchukua dakika nzima, herufi ndogo kama sisimizi.

Binti wa Britta, Elsi, aliyejifunza kusoma mwaka huo, alikuwa ameshuka ngazi akiwa na soksi tu miguuni. Akaegemea meza, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti:

"Hatujui bado ni kipi kinachoua seli za ubongo."