Usiitike Mwito wa Kwanza

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ilianuka kidogo tu, mawingu yakabaki meusi juu ya mikarafuu.

Mdogo wangu Vuai hakurudi. Jana alasiri aliingia korongoni kumfuata ng'ombe aliyekata kamba. Alfajiri ng'ombe alirudi peke yake, miguu imejaa matope. Nilipomaliza kuswali nikatoka na Shamima, mke wa Vuai, na jirani yetu Mzee Mjaka, tupande hadi kwenye maporomoko.

Korongo lile ni jembamba. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tulitembea ndani ya maji, nami nikisoma uradi wa Ya Latifu kimoyomoyo. Kila kona Mzee Mjaka aliita, "Vuai!" Tukasikiliza, tukaendelea.

Kule mwisho maji yalianguka kutoka juu kuliko mnazi, mekundu kwa udongo. Hapakuonekana mtu.

"Vuai!" aliita tena Mzee Mjaka. Kimya. "Basi, Bi Samiha, turudi. Maji yanapanda. Inna lillahi..."

"Usinizikie mume wangu!" Shamima akamkatiza. "Maiti umeiona wapi?"

Hapo nikakumbuka tulivyolelewa. Mama alitukanya: porini usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, kwani shetani hafiki ya tatu. Na sisi tangu asubuhi tunaita mara moja, tunapita!

"Vuai! Vuai! Vuai!" nikaita.

"Labeka, Dada!"

Sauti ilitoka nyuma ya jiwe, ubavuni mwa maporomoko. Tulimkuta mguu umebanwa na jiwe hilo, maji yamemfika kifuani.

"Mwanamume weye! Tumeita mpaka tumekauka!" Shamima alisema huku analia.

"Mwaita mara moja. Nitajuaje kama ni watu?"

Tulilisukuma jiwe sote watatu. Halikutikisika. Maji yakamfika mabegani. Shamima akajifunga kanga kiunoni, akawaite vijana waje na mitaimbo.

"Twendeni sote," alisema Mzee Mjaka. "Bi Samiha, mvua ikirudi, maji yatakuchukueni nyote wawili."

"Nenda, Dada," alisema Vuai. 

Niliingia nyuma yake, nikamshika kwapani, nikamwegemeza kichwa begani kwangu.

"Mzee Mjaka, na wewe Shamima, shuhudieni," nilisema kwa sauti kubwa, ngurumo ya maji isinimeze. "Wallahi, nikitoka humu natoka na Vuai. Simwachi. Haya, kimbieni!"