Salon Rangi ya Mawese

Ndoo ya rangi ilifika asubuhi, imefungwa kwa mpira nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na mwendeshaji hakujua chochote zaidi ya kwamba imetoka kwa Papa Rashidi. Kadidja aliipokea kwa mikono miwili. Kwa nini asifurahi? Tangu baba yao, mzee Lukumani, azikwe, kaka yake hakuwa ameleta hata msumari katika nyumba ile ya mtaa wa Tshopo, na sasa ghafla anatuma rangi. Kadidja akasema moyoni kwamba kumbe damu ni nzito kuliko maji. Akaiweka ndoo kando ya cherehani yake, akaendelea kushona.

Tusimcheke. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwao na cherehani kichwani, na watu wa mtaa walisema yale wanayosema siku zote juu ya mwanamke aliyerudi. Mzee Lukumani hakuongeza neno. Alisogeza viti vya salon, chumba cha kupokelea wageni, akampa nafasi chini ya dirisha penye mwanga, na tangu siku hiyo cherehani haikuondoka pale. Mzee alipopatwa na kiharusi, ni Kadidja aliyemlisha, aliyemfulia, aliyemsomea dua alipokosa usingizi. Rashidi alikuwa kule Makiso na duka lake la vipuri vya pikipiki. Alikuja Idi kwa Idi na mfuko wa sukari, akakaa mpaka chai iishe.

Kesho yake akaja Évariste, fundi mpaka rangi, ngazi begani. Rashidi ndiye aliyemwita. Akafungua ndoo kwa bisibisi, akakoroga, na Kadidja akachungulia. Ndani mlikuwa na rangi isiyo maziwa wala mkate.

“Crème,” Évariste alisema. “Vyumba vyote. Patron njo alisema vile.”

“Crème kwa sababu ya nini? Nani aliichagua?”

Évariste alisita. “Mama Kadidja, crème iko rangi ya location. Mutu mwenye anapanga nyumba hapende kukuta rangi ya mutu mwingine. Ukipakaa crème, kila mwenye anaingia anaona sawa nyumba iko yake.”

“Na nani anapanga hapa?”

Évariste akaendelea kukoroga rangi ambayo haikuhitaji tena kukorogwa.

Kadidja alimpigia kaka yake simu pale pale, amesimama.

“Kadi, ndeko na ngai, dada yangu,” Rashidi alianza kwa sauti tamu. “Vile ulimuchunga papa, watu wote wanasema. Hakuna mutoto mwanamuke sawa weye.”

Kadidja alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akangoja chupa igeuke. Ikageuka. Franck, commissionnaire anayewatafutia watu nyumba za kupanga, alikuwa amepata watu wa projet, wa mradi fulani, wenye jeep. Jumamosi watakuja kuona. Kadidja atahamia Mangobo kwa shangazi yao.

“Shangazi iko na chumba moja, yaya,” Kadidja alisema, kwa jina la heshima la kaka mkubwa.

“Bon, mutajipanga.”

“Na mi sikuulizwa?”

“Uulizwe nini? Siku ya arobaini tonton Waziri, mudogo ya papa, alisema mbele ya watu wote. Mirathi ya papa, mwanaume mafungu mbili, mwanamuke fungu moja. Tuko wawili tu. Mi niko na mbili, weye moja. Donc, nani anaongoza?”

Damu ilimchemka Kadidja, lakini sauti ikatoka baridi. “Ile maneno ya tonton, unaikubali?”

“Ninaikubali kabisa. Iko sheria.”

“Bon,” alisema Kadidja, akakata simu.

Kisha akalia, kwa hasira kuliko kwa huzuni, na Évariste akatoka nje kwa heshima akajifanya anatazama bati. Alilia akiitazama nyumba ile aliyoifagia kila alfajiri. Ilikuwa nyumba ndogo. Chumba cha marehemu, chumba chake, na salon mbele, ambamo milango ya vyumba vyote viwili ilifungukia. Mawazo yake yalipofika hapo machozi yalikatika. Mafungu matatu, vyumba vitatu. Kaka yake alikuwa amempa fungu moja kwa kinywa chake mwenyewe, ila alisahau kumwambia lipi.

Lakini kusema ni kusema. Rashidi angeweza kuja siku yoyote na ndoo nyingine na mtu mwingine wa ngazi, na ndani ya saa chache salon ingekuwa crème kama haijawahi kukaliwa na mtu. Kadidja akakaa juu ya ndoo, akautazama ukuta kama adui. Ndipo alipoona kitu alichokuwa anakiona maisha yake yote.

Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha mtoto, mzee Lukumani alikuwa ameipaka rangi ya mafuta, kahawia, kama wanavyofanya watu wote mjini ili uchafu wa mikono ufutike kwa kitambaa. Juu yake ilikuwa rangi ya maji, iliyobadilishwa mara nyingi, kijani, bluu, nyeupe. Na kila mpaka rangi mvivu aliyeteremsha brashi yake ya maji juu ya lile kahawia, kazi yake ilibambuka. Vipande vilining'inia pale pale, mtu angeweza kuvitoa kwa kucha. Kadidja alivitoa. Chini yake kahawia la baba yake lilikuwa zima, linang'aa.

Kesho yake alifunga milango, akapanda toleka mpaka sokoni, kwenye duka la rangi. Kwenye mkoba alikuwa na pesa alizokuwa akiziweka kwa ajili ya mashine ya kudarizi, na chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

Muuzaji, kijana mwenye adabu aitwaye Glodi, alimtandazia kadi za rangi juu ya meza. Alimwonyesha beige, alimwonyesha ganda la yai, alimwonyesha kijivu ambacho alisema kinapendwa sana Kinshasa siku hizi. Kadidja, mtu aliyekuwa akiwavalisha maharusi wa nusu ya Tshopo, alizitazama kadi zile kwa huruma.

“Hii yote iko rangi ya watu wenye kuogopa,” alisema. Akafungua kitambaa, akaweka chupa mezani. Yalikuwa mawese mabichi, yaliyokamuliwa juzi, mekundu yenye manjano ndani, na jua la mlangoni lilipopita kwenye chupa meza nzima iliwaka. “Mi ninataka hii.”

Glodi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. “Mama, hii iko rangi ya jikoni.”

“Papa yangu alikula mawese maisha yake yote. Changanya.”

Alichanganya. Nyeupe ya msingi, rangi ya manjano kwenye tyubu, nyekundu kidogo kidogo. Kila mara Kadidja alidondosha tone la mawese kwenye karatasi, akapaka rangi kando yake, akakunja uso kama anayepima kola. Imezidi wekundu. Imepoa. Ongeza. Wateja wengine walijikusanya kutazama, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyesikilizwa. Mwishowe tone na rangi vilikaa kando kwa kando na Kadidja mwenyewe hakujua kipi ni kipi.

“Ya maji, si vile?” Glodi aliuliza.

“Ya mafuta.”

“Bon, ya mafuta kwa chini. Na huku juu?”

“Ya mafuta mpaka kwa plafond.”

“Mama, watu wanaweka mafuta chini tu, sababu ya mikono ya batoto.”

“Mikono yenye inanisumbua miye,” Kadidja alisema, “haiko ya batoto.”

Évariste naye alileta ubishi wake. Patron alimwita kwa crème, yeye atamjibu nini? Kadidja akamwambia crème haijaharibika, imekaa pale kwenye ndoo yake, na vyumba viwili vya kulala vinaingojea. Hii ni kazi nyingine, ya mtu mwingine, na mtu huyo atalipa. Évariste akamtazama, akautazama ukuta, akatoa msasa.

Walikwangua pamoja. Chokaa kuukuu ilianguka na rangi za miaka yote zikaonekana moja chini ya nyingine, na Kadidja alipofika kwenye ile kijani ya utoto wake aliacha kidogo, akaegemeza kiganja, kisha akakwangua. Lile kahawia la chini alilipitishia msasa kwa mkono wake, polepole, lipate kushika rangi mpya. Mkono wa kwanza wa rangi ukapakwa, ukakauka, ukafuata wa pili. Harufu ilifika kwa jirani. Claudine, muuza mpondu, kisamvu cha mawese, wa nyumba ya pili, alikuja kuchungulia, akashika kiuno.

“Kadi, salon inafanana na sufuria yangu.”

“Njoo basi ukae, utaiva.”

Claudine alicheka mpaka akakaa kweli, kwenye ngazi ya mlango, na hakuondoka mpaka ukuta wa mwisho ulipokwisha. Alisema hajapata kuona chumba chenye kiburi namna ile. Kadidja alilala usiku huo kama mtu aliyekula akashiba.

Jumamosi Rashidi akaja mapema ili aikague nyumba kabla ya wageni. Alikuja na Franck, na alikuja na tonton Waziri, mdogo wa marehemu, ili maneno yawe na uzito. Tonton Waziri alikuwa mtu mnene wa kupenda chai, asiyependa kurudia maneno yake, na asiyependa zaidi kuyala. Wakaingia moja kwa moja. Wakasimama.

Chumba kizima kiliwaka. Jua la dirishani lilipiga ukuta, ukuta ukalirudisha, na nyuso zao wote watatu zikawa na rangi ya mawese. Chini ya dirisha Kadidja alikuwa anashona gauni jeupe, na hakusimamisha mashine.

Franck ndiye aliyepata sauti kwanza. “Oh, papa Rashidi. Batu ya projet hawawezi kulala humu.”

“Évariste iko wapi?” Rashidi alifoka. “Crème yangu iko wapi?”

“Ile kule,” Kadidja alisema. “Hakuna mwenye aliigusa.”

Rashidi akavua koti. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Akafungua ndoo, akachukua rola aliyoiacha Évariste, akaichovya, akapiga ukutani kwa nguvu zake zote, mstari mmoja mpana kutoka juu mpaka chini. Kwa muda mfupi mstari ulikaa. Kisha ukaanza kujikunja. Crème ilijikusanya matone matone, ikatiririka, ikaacha madirisha ya mawese kila mahali. Akapiga tena. Ikateleza tena, ikamdondokea kwenye viatu.

Kadidja akasimama. Akachovya kitambaa ndani ya ndoo ya maji, akaja kando ya kaka yake, akafuta mstari ule mara moja kwenda, mara moja kurudi. Ukuta ukabaki kama ulivyokuwa, ukiwaka.

“Nitaleta watu wakwangue yote,” Rashidi alisema akihema.

“Hautaleta.” Alimgeukia tonton wao, akapiga goti kidogo kwa heshima, lakini macho hakuyashusha. “Tonton, siku ya arobaini ulisema mafungu ngapi?”

“Tatu,” alisema tonton Waziri kwa tahadhari.

“Yaya akaniambia kwa simu kama anaikubali kabisa. Nyumba iko na vyumba vitatu. Mi sitake kumunyima haki yake hata kidogo. Chumba ya papa iko yake, na chumba yenye nilikuwa ninalala iko yake, nimeshatoa vitu vyangu. Apakae crème, apangishe, avunje, sitasema kitu. Mi nimechagua fungu moja. Iko hii.”

Franck alitazama ule mlango wa chumba cha kwanza, akatazama wa pili, akatazama salon iliyokaa mbele ya yote miwili, na midomo yake ikasogea kama ya mtu anayepiga hesabu ngumu. Kisha akasema amekumbuka ana miadi Kabondo, akaenda zake.

“Tonton, sema basi,” Rashidi alisihi. “Mi nilikuwa ninasema fungu ya faranga. Haiko ya kuta.”

Tonton Waziri alizunguka salon polepole. Akagusa ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, kilikuwa safi. “Mi nilisema mafungu tatu,” alisema mwishowe. “Mbele ya watu. Na weye hukupinga, Rashidi, ulipiga makofi. Sasa unataka nirudi msikitini niwaambie watu nilikosea?” Akaketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake. “Kadi, hakuna chai?”

Ilikuwapo, ilikuwa tayari jikoni nyuma. Rashidi akatoka nje bila kuaga, akakaa juu ya pikipiki yake kwa muda mrefu huku Claudine akimtazama waziwazi kutoka ng'ambo ya ua. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ndoo yake ilikuwa ndani, koti lake lilikuwa ndani, na vyumba vyake viwili vilikuwa ndani. Akarudi. Mlango ulikuwa wazi. Aliinua mguu kuvuka kizingiti kama alivyokivuka tangu alipojifunza kutembea.

“Sijasikia hodi,” Kadidja alisema, macho kwenye sindano.

Rashidi alimtazama tonton wao. Tonton Waziri alikuwa anapuliza chai yake kwa makini sana. Alitazama kuta, hizo kuta zenye kiburi, na hapakuwa na mahali pa kuweka jicho ambapo dada yake hakuwapo. Mguu ukarudi nje. Na pale, kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, na crème ikiwa imemkaukia kwenye viatu, kaka mkubwa akasema kwa sauti ndogo,

“Hodi.”

Kadidja akamalizia mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akainua kichwa.

“Karibu, yaya. Vua viatu.”