Bia Iliyoungua

Sufuria la shaba la kupikia bia lilikuwa la kijiji kizima, na moto wake ulikula kuni zilezile, lijae lisijae. Kwa hiyo Walburga alipika likiwa limejaa pomoni, ingawa wateja wake walimaliza nusu tu. Nusu iliyobaki mumewe, Anselm, aliichukua, akisema anawapelekea nguruwe wa dada yake. Safari hii bia iliungua kidogo, wateja wakakunja pua.

Lakini jirani yao Korbinian hakuwa amewasha moto wa sufuria hilo tangu Pasaka, na bado kila Ijumaa alitundika mlangoni nyota ya mbao ya kuitia wanywaji.

"Hivi huyu anapikia wapi?" Walburga aliuliza.

"Ya watu yanakuhusu nini wewe?" Anselm akajibu, akiangalia viatu vyake.

Ijumaa Walburga akaingia kwa Korbinian, akaagiza kikombe. Funda la kwanza tu, akaitambua ladha ya kuungua ya bia yake mwenyewe. Kumbe nguruwe wenyewe ndio hawa.

Kabla hajafungua kinywa, Xaver fundi viatu, aliyeikataa bia hiyohiyo kwa Walburga juzi, akamvutia kiti.

"Kaa, jirani. Leo unywe bia ya mtu anayejua kupika."