Nyuzi za Jibini

Kitu cha kwanza alichokitambua Barka ni kwamba mlio wa mitalawanda haukukoma chini. Siku zote viatu vile vya mbao vya Bi Mwanaarabu viligonga hadi mguu wa ngazi, vikanyamaza, na amri ikapanda peke yake. Siku ile viligonga ngazi yote mpaka darini, kwenye kidari cha meko, jiko ambalo bibi mwenye nyumba alikuwa hajalikanyaga tangu aolewe kwa kuuogopa moshi. Barka aliitazama miguu ya bibi yake. Nyuso za watu zilimtia haya. Miguu alikuwa ameizoea.

Nyuma ya miguu ile wachukuzi walitua magunia ya mbatata na matufe mekundu ya jibini yaliyoletwa na meli kutoka Mombasa.

Bwana Jaafar, mume wa Bi Mwanaarabu, alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwa mzungu wa Serikali, akapewa mbatata zilizookwa pamoja na jibini. Hakuzipenda. Hata hivyo alirudi akasema kwamba arusi ya mwanawe Aqil haitaliwa pilau, kwa sababu pilau hata wachukuzi wa bandarini wanaila.

"Mbatata waijua?" Bi Mwanaarabu aliuliza.

"Siijui, Bibi."

"Ni muhogo uliosoma. Ukate duara. Safu ya mbatata, safu ya jibini, mpaka sufuria ijae. Tia maziwa, samli na pilipili manga. Makaa tini, makaa yuu ya kifuniko. Na mtaa wote wa Mkomani waja kula, usinitie aibu." Alifunika pua kwa ncha ya leso. "Karamu ikisha, Barka, nitalitamka lile neno mbele ya mashahidi."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza, mwaka uliopita, kwamba hakuna tena mtumwa. Watu wa Mkomani walilisikia tangazo, wakasema Serikali ina maneno mengi, kisha wakaagiza maji ya kuogea. Barka alikuwa mzalia, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa humo humo nyumbani. Fadhil, mchoma chokaa wa kisiwa cha Manda, alitaka kumuoa, na Mwalimu Abdulqadir, aliyekuwa akifungisha nikaha za mtaa ule, alikataa. "Karatasi ya Serikali haiozi mtu," alisema. "Bibi yake na atamke kuwa amemuata huru, mimi nije na mashahidi." Basi uchumba wa Barka ulikuwa umekaa ndani ya kinywa cha Bi Mwanaarabu, na kinywa kile kilikuwa na tambuu.

Barka alipika. Jibini ilinuka kama miguu ya mtu aliyelala na viatu. Alipoonja chembe yake kwa ncha ya kidole, uzi uliotoka mdomoni haukukatika. Aliuvuta, ukarefuka, akauviringa kidoleni, akaendelea kupanga mbatata, maana masufuria yalikuwa mengi na mikono ilikuwa miwili. Alipofunua kifuniko cha kwanza, juu palikuwa pameiva rangi ya dhahabu, na kutoka katika kila sufuria uzi mwembamba ulipanda mpaka vidoleni mwake. Aliona hayo ndiyo mapishi ya kizungu.

Masinia yalishuka. Wanaume walikula dakani, kwenye kibaraza cha mlango, na njiani, wanawake walikula ndani. Kila aliyekata tonge na kulitia mdomoni alibaki na uzi, na kila uzi ulipita mlangoni, ukapanda ngazi, ukafika kwa Barka.

"Bwana Jaafar, chakula chako kina mkia," alisema mzee mmoja dakani.

"Ni chakula cha wakubwa. Kula, utazoea."

Ndani, Bi Swafiya, mama wa bibi arusi, aliuvuta uzi wake mpaka mkono ukanyooka wote. "Kwetu sisi, dada yangu, chakula kikiliwa huisha."

"Kwenu huisha kwa kuwa ni haba," alisema Bi Mwanaarabu, naye uzi ukimning'inia kidevuni.

Mkasi uliletwa, haukufua dafu. Kililetwa kisu cha kutindia mbuzi, nacho kikateleza. Watu walimuuliza Mwalimu Abdulqadir kama uzi ule unabatilisha udhu. Alifikiri, akautazama wake ulivyopita katikati ya ndevu, akasema kuwa jibini si najisi na ubani uletwe. Wageni wakajifukiza, wakaaga, wakaenda zao, na nyuzi zikawafuata.

Kufikia Ijumaa, vichochoro vya Mkomani vilikuwa vimetandwa kama kitanda cha kamba. Nyuzi zilitoka darini kwa Bwana Jaafar, zikaingia kila dirisha la mtu aliyekula. Wenye vilemba walijifunza kuinama. Bibi wakubwa walipokwenda kuzuru ndani ya shiraa, hema lile la nguo linalobebwa kwa miti ili wasionekane, wajakazi waliolibeba walilishusha kwanza, wakapita, wakalipandisha tena. Paka walizilamba mpaka wakachoka. Mtu mmoja alianika kikoi, kikakauka vizuri.

Barka alijaribu majivu, ndimu na maji ya moto. Nyuzi hazikutoka vidoleni. Kupitia kwazo alisikia kila kilichosemwa na vinywa vile, na alichojifunza ni kwamba watu wa heshima wanasema mambo machache sana, na kwamba mengi ya hayo machache ni juu ya chakula.

Bi Swafiya ndiye aliyegundua matumizi yake. Asubuhi moja alitamani mkate wa mofa, akautaja, akauvuta uzi wake kama mtu avutaye kamba ya kisima. Kidole cha Barka kiliruka. Barka alioka mofa, ikapelekwa. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa ukivuta. Huyu alitaka kaimati, yule mchuzi wa papa, mwingine alivuta tu ajue kama kunafanya kazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza uzi umefungwa wapi upande wa pili. Walijua.

"Mkomani nzima yala kwa mkono wangu," Bi Mwanaarabu aliwaambia wageni wake, na mkono wake ulikuwa umepakwa hina mpya.

Fadhil hakuwa na uzi, kwa kuwa hakualikwa. Alivuka kutoka Manda na chokaa ingali kwenye nyusi, akamchukua Mwalimu Abdulqadir na mashahidi wawili, wakaja mpaka dakani. Bi Mwanaarabu alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Barka alisimama kando yake na kata ya maji, akiitazama sakafu.

"Bi Mwanaarabu," alisema Mwalimu, "uliahidi kuwa karamu ikisha utamuata huyu kijana huru."

"Niliahidi, tena mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Karamu imekwisha?"

"Arusi imepita, Bibi," alisema Fadhil. "Bwana Aqil na mkewe wamekwisha kugombana mara kadhaa."

"Sikukuuliza arusi. Mwalimu, hicho kilicho ndevuni mwako ni nini?"

Mwalimu alikishika. "Ni uzi."

"Wa nini?"

"Wa jibini."

"Ya karamu gani?"

Mwalimu Abdulqadir alikuwa mtu wa elimu. Alifunga macho kidogo, akayafungua. "Tonge lisilokatika haliwezi kuhesabiwa kuwa limeliwa," alisema. "Ana hoja." Kisha, kwa kuwa ilikuwa karibu na adhuhuri, aliuvuta uzi wake kidogo, na nyuma ya pazia kidole cha Barka kikaruka.

"Basi karamu hii itakwisha lini?" aliuliza Fadhil.

"Muulize mpishi," alisema Bi Mwanaarabu. "Yeye ndiye aliyeifunga."

Mashahidi walicheka, kwa adabu. Fadhil aliinama mbele ya pazia, akasema, "Barka, nisikie. Mimi nitangoja," na akarudi kwenye tanuri lake.

Barka aliutafuta uzi wa bibi yake kati ya nyuzi zote. Haukuwa mgumu kuujua. Ulikuwa mfupi kuliko zote, na mwekundu kwa tambuu. Akaukunja kiganjani, akauvuta polepole, kama mtu avutaye ndoo asitake kumwaga. Mdomo wa Bi Mwanaarabu ukafunguka. Barka, kwa mara ya kwanza, alimtazama usoni, akaangalia ndani. Aliyaona meno, na ulimi umelala kama pweza aliyetolewa majini. Akangoja. Mwalimu na mashahidi walikuwa bado wanavaa viatu. Lau neno lingetoka wangelisikia. Alivuta tena, mdomo ukazidi kupanuka. Neno halikuwemo. Halikuwa limefichwa wala kuzuiliwa. Halikupata kuwemo hata siku moja.

Aliuachia. Bi Mwanaarabu alifumba mdomo, akajipangusa pembe za midomo kwa leso, hakuonyesha kukasirika.

"Koo limenikauka," alisema. "Niletee mayi, mwanangu. Na usikunje uso. Neno lile nikilisema utakwenda wapi? Chokaani? Mimi najua unavyonipenda. Tangu udogo wako wanipenda kuliko alivyonipenda mamako."

Huko dakani viatu vya Mwalimu viliondoka. Mtaani nyuzi zilianza kuvutwa moja moja, kwa kuwa jua lilikuwa utosini na watu wana njaa wakati huo. Vidole vya Barka viliruka, akaviacha viruke. Aliteka maji mtungini, akampa bibi yake kata kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Bi Mwanaarabu akanywa. Uzi ulipanda na kushuka kila alipomeza.

"Sikupendi, Bibi," alisema Barka. "Sijakupenda hata siku moja. Nilikuwa nimenyamaza tu."