Kimo cha Kisiwa

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu, mkaguzi wa mizani mstaafu alisimama katikati ya jiko la nyumba yake, akakunja mkono wa kulia kama mtu aliyebeba sinia, akamwambia mkewe amshikie futi ya kupimia. Mkewe aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akachuchumaa na kubana mwanzo wa futi sakafuni kwa kidole gumba. Mume akaivuta juu mpaka kwenye kiwiko.

“Sentimita mia moja na kumi na nne,” alisema. “Kitabu kinasema utoe kumi, mkono upate kushuka kidogo unapokata kitu. Kwa hiyo mia moja na nne.”

Aliiandika namba hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari mara mbili. Mkewe akainuka kwa kushikilia mlango wa kabati, akarudi kwenye vitunguu vyake. Yeye hakupimwa, kwa sababu alikuwa na kazi.

Kilichokuwa kinapimiwa kimo ni kisiwa cha jikoni, yaani ile meza nene yenye droo, inayosimama peke yake katikati ya chumba bila kuegemea ukuta. Mzee alikuwa amekiona kwenye gazeti la mapambo ya nyumba alipokuwa akisubiri zamu yake kwa daktari wa macho. Watu walimwita Mzee Gramu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amezunguka madukani na mawe yake ya kupimia kwenye sanduku, na hakuna mizani iliyowahi kumpita hata kwa uzito wa punje ya mchele. Alipostaafu alijifunza useremala mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na video za kwenye simu, akiandika maelezo pembeni kama mwanafunzi wa mtihani. Kupika hakujifunza. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa akiingia jikoni kwa mambo mawili tu: kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na kubadilisha balbu.

Kazi ilichukua wiki tano. Mbao zilikuwa za msaji, zilizotokana na viti vya ukumbi uliovunjwa. Alizipiga randa mpaka ua mzima ukajaa maranda, na mkewe akayafagia. Miguu minne aliiunganisha na fremu kwa ulimi na tundu, ulimi wa mbao moja ukiingia ndani ya mbao nyingine, bila msumari hata mmoja. Uso wa meza aliupiga msasa mara tatu, akaupaka mafuta mpaka ukang’aa kama paji la bwana harusi. Siku ya kuiingiza ndani aliweka pima maji juu yake, na kile kipovu kikatulia katikati kama mtu aliyefika kwake.

Mkewe alisimama mbele ya meza. Ilimfika chini kidogo ya kifua. Alijaribu kukata karoti, viwiko vikapanda juu kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka ukuta.

“Ni ndefu, Mzee,” alisema.

“Si ndefu. Ni sahihi.”

“Sahihi kwa nani?”

“Kwa kitabu.”

Mama, maana hivyo ndivyo wote nyumbani walivyomwita, alileta kreti tupu la soda akalipindua ili asimame juu yake. Mzee Gramu aliliondoa. Lilikuwa linaziba droo ya chini, na isitoshe lilikuwa linaifanya meza ionekane kama ina kosa. Siku mbili Mama akapika na mabega yamemfika masikioni. Akiulizwa alisema anaumwa shingo.

Siku ya tatu Mzee Gramu alipita jikoni kuuliza habari ya chai, akamkuta mkewe anakata mboga vizuri kabisa, mkono umeshuka kidogo, kama kitabu kinavyoshauri.

“Unaona?” alisema. “Mtu anazoea.”

“Nimezoea,” alijibu Mama.

Hapo ndipo mzee alipoona kandambili za mkewe. Zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri, zimeelekea kwenye meza, na hazikuwa na mtu ndani. Nyayo za Mama zilikuwa hewani juu yake, sentimita kumi na nane kutoka sakafuni. Mzee aliinama, akapima kwa futi, akahakikisha. Kisha akauliza tena habari ya chai.

Tangu siku hiyo Mama alibaki juu. Hakushuka alipotoka jikoni, hakushuka alipokwenda kuanika nguo. Kandambili alizifunga kwa kamba zisidondoke, kisha akaona hazina kazi, akazigawa. Sakafu aliipiga deki akiwa juu yake, na kwa mara ya kwanza haikubaki na alama za nyayo. Kitandani upande wake wa shuka haukupata mkunjo. Mzee Gramu alitoa ile mizani ya bapa aliyopewa kazini siku ya kuagwa, akamwambia mkewe aje juu yake. Mshale haukutikisika.

“Mizani iko sawa,” alisema, akairudisha kwenye boksi.

Jirani yao, fundi bomba, alikuja kuona meza.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Fundi bomba alimtazama kuanzia kichwani mpaka pale nyayo zilipoishia na hewa ikaanza. “Mama siku hizi uko juu.”

“Ndiyo hivyo.”

“Hongera. Mzee, na hizi droo umezipa reli gani? Mbona hazipigi kelele?”

Mzee Gramu alimwonyesha reli. Walifungua droo na kuzifunga kwa nusu saa nzima, kimyakimya, kama watu walio kwenye sala. Mama akawapelekea chai kwa kuelea, na haikumwagika hata tone, kwa kuwa mtu asiyetembea hayumbi.

“Imekamilika,” alisema fundi bomba, akiizunguka. “Ila ingekuwa yangu, ningeitia magurudumu. Ya kisasa yote yana magurudumu.”

Neno hilo lilimkaa mzee kooni. Wiki iliyofuata alinunua magurudumu manne yenye breki, akayafunga chini ya miguu. Meza ikapanda sentimita sita. Asubuhi iliyofuata Mama naye alikuwa amepanda sentimita sita. Macho yake yalikaribia kulingana na ya mumewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mzee alijikuta anatazama pembeni kila wanapoongea. Alihisi ni mwanga wa dirisha.

Tatizo halikuwa kuelea juu. Tatizo lilikuwa upepo. Dirisha likifunguliwa, Mama alisukumwa taratibu mpaka kwenye friji, kisu mkononi. Mzee Gramu hakulala kazini. Alichonga upau wa msaji, mviringo, laini, akaufunga kwenye ukingo wa meza ili mkewe ajishikilie kwa mkono mmoja anapofanya kazi kwa mwingine.

“Ya dukani haina hii,” alimwambia.

“Haina,” Mama alikubali.

Binti yao alikuwa muuguzi, na kila asubuhi, kabla au baada ya zamu, alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja akae na bibi. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimkalisha mtoto mlangoni na kuondoka mbio. Siku aliyopata nafasi ya kukaa, alimfunga mama yake kile kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono, akasikiliza.

“Presha iko sawa,” alisema. “Baba, kata miguu ya meza.”

“Miguu ile ina maungio ya ulimi na tundu.”

“Na miguu ya Mama ina nini?”

“Mama yako hajalalamika.”

“Mama, hujalalamika?”

“Nilisema ni ndefu,” alisema Mama.

“Alisema siku ya kwanza,” mzee alieleza. “Siku ya kwanza kila kitu ni kirefu.”

Mjukuu ndiye aliyeleta habari nyingine. Alikuwa amejifunza kusimama mwenyewe, na kila aliyesimama karibu naye alimwinulia mikono miwili ili abebwe. Kwa Mama aliinua mikono hivyo hivyo. Mama alishusha yake, wakashikana vidole. Lakini kumwinua mtoto kunataka mtu awe amekanyaga mahali. Mama alipovuta, aliyesogea alikuwa yeye. Aligeuka hewani kama mkono wa mizani uliowekewa jiwe upande mmoja, kichwa chini, miguu ikielekea darini, na mtoto akabaki palepale alipo, akiwa amemshika bibi yake kidole. Walijaribu mara nne. Mara ya tano mtoto aliketi chini akalia, na Mama akawa anazunguka polepole juu yake, akimwimbia, mpaka fundi bomba aliposikia kilio akiwa nyumbani kwake, akaja kumbeba mtoto.

Jioni hiyo Mama hakusubiri aulizwe.

“Mzee, nataka kushuka.”

“Nani kakukataza?”

“Meza.”

Mzee Gramu aliweka gazeti chini. Hakuwa mtu mbaya, na zaidi ya yote hakuwa mtu wa kukwepa ukaguzi. Mara ngapi yeye mwenyewe alikuwa amemwambia mwenye duka kwamba asiyeogopa kupimwa ndiye mkweli?

“Sawa,” alisema. “Kesho tunapima upya. Safari hii nakupima wewe. Kipimo kikisema nikate, nakata. Tena nakata kwa mkono wangu.”

Mama alimsogelea. “Kweli, Baba Watoto?”

“Mimi na kipimo hatujawahi kugombana.”

Asubuhi binti alikuta baba yake ameshanoa msumeno na kuulaza juu ya meza, kwenye kitambaa safi. Mama alikuwa amevaa gauni lake jipya. Alikuwa amechana nywele. Alikuja akielea mpaka mbele ya meza, akaachia upau, akakunja mkono wa kulia kama alivyoambiwa. Mtoto alisimama karibu, ameshika mguu wa meza. Binti alichuchumaa akabana mwanzo wa futi sakafuni.

Kisha akasita. “Baba, si uanzie kwenye nyayo zake?”

“Kimo kinapimwa kutoka sakafuni.”

“Lakini yeye hayuko sakafuni.”

“Kwani meza iko wapi?”

“Sakafuni.”

“Basi. Vitu viwili vikilinganishwa, vinaanzia mahali pamoja. Nikianza kupima kutoka hewani, nitaanzia hewa ipi? Hii? Au ile pale? Miaka thelathini na mmoja sijaanzia hewani, sianzi leo.”

Binti alikuwa ametoka zamu ya usiku, miguu ilikuwa inamwaka, na kilichosemwa kilikuwa na sura zote za ukweli. Alibana futi.

Mzee Gramu aliivuta juu taratibu, ikapita kwenye sehemu ambayo haikuwa na kitu, ikapita nyayo, ikapita pindo la gauni jipya, ikafika kwenye kiwiko. Alivaa miwani. Alisoma mara mbili, na mara ya tatu akamwita binti naye asome.

“Mia moja na ishirini,” alisema binti.

“Toa kumi.”

“Mia moja na kumi.”

Mzee alishusha futi, akapima meza pamoja na magurudumu yake. Alifanya hivyo pembe zote nne, kwa haki. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi.

“Hata milimita,” alisema, na sauti yake ilikuwa na unyenyekevu wa mtu aliyeonewa akaja kusafishwa. “Hata milimita moja, Mama Watoto. Kama vile nilikupima wewe tangu mwanzo.”

Mama aliunyoosha mkono wake uliokuwa umekunjwa. Aliushika upau tena, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi.

“Kumbe,” alisema.

“Ndiyo maana mtu asiseme kabla ya kupima.”

Aliufunga msumeno kwenye kitambaa chake. Hakuwa na kinyongo na yeyote. Kinyume chake, kazi ya asubuhi ile ilikuwa imemfungua macho, maana sasa alipoangalia kushoto na kulia aliona kwamba meza peke yake ndiyo iliyokuwa sawa na kwamba makosa yote yalikuwa kwenye vitu vingine. Alitoa penseli sikioni, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Sinki, chini mno kwa sentimita ishirini na nne. Jiko la gesi, vivyo hivyo. Kitasa cha mlango. Kitanda. Kamba ya kuanikia nguo. Palikuwa na kazi ya mwaka mzima, na mgongo wake ulikuwa bado mzima, na msaji ulikuwa umebaki.

Binti alichukua mkoba wake. Alimbusu mama yake, na ilimbidi asimame kwa ncha za vidole. “Nitarudi saa kumi,” alisema, akaondoka akalale.

Mjukuu aliachia mguu wa meza. Alisimama mwenyewe katikati ya jiko, akaangalia juu, akainua mikono miwili.

“Na huyu?” aliuliza Mama.

Mzee Gramu alikuwa hamsahau mtu. Alipiga goti, akambana mtoto kisigino kwenye mwanzo wa futi, akaivuta mpaka utosini, akasoma. Kisha akamtazama mkewe, akarudi kumtazama mtoto, akakokotoa kichwani.

“Huyu usimhofie,” alisema, akiandika. “Huyu ni msichana, bado anakua. Atafika huko mwenyewe.”